Meli za Maziwa Yetu na Daftari la Majina

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, katika bwalo la shule, Kijenge, Arusha. Yanachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya meli za abiria, kwa kuwa anajua kwamba nimekula chumvi nyingi nikiwa karani wa mizigo gatini. Nilicheka kidogo. Kijenge na meli wapi na wapi? Maji makubwa tuliyoyafahamu hapa yalikuwa ya mto Themi wakati wa masika, na aliyetaka kuona ziwa alikwenda Duluti, kule Tengeru, akalizunguka kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Lakini baadaye nikakumbuka kwamba katika kila darasa la shule hii tulikuwa na wenzetu waliotoka Bukoba, Musoma, Ukerewe, Kigoma na Mbamba Bay, na nina hakika leo wapo pia. Kwa watu hao meli si starehe. Meli ndiyo barabara ya nyumbani. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Siku hizi vijana huona picha za meli za starehe za Ulaya na Marekani. Ile iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024 kutoka Miami, ina urefu wa mita 365, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600, mbali na mabaharia na watumishi wake. Ni mji unaoelea. Sina neno baya juu yake. Lakini leo napenda tuzitazame meli zetu wenyewe, kwa sababu nazo zina historia ambayo kampuni yoyote ya meli duniani ingejivunia, na kwa sababu zina somo ambalo tulilinunua kwa bei kubwa mno.

Kwanza tuelewe jambo moja. Meli ya bahari huundwa pwani, ikaingia majini na kwenda zake. Meli ya ziwa haiwezi kufika ziwani kwa maji. Kwa hiyo wazee waliziunda Ulaya, wakaifunga kila sehemu kwa bolti, wakaitia alama, kisha wakazifungua tena vipande vipande. Vipande vikatiwa katika masanduku, vikavuka bahari, vikapanda reli, na mafundi wakaja kuviunga upya kandoni mwa ziwa. Meli iliyotangulia katika Ziwa Victoria kwa njia hiyo ni William Mackinnon. Iliagizwa mwaka 1895, nayo ilianza kuelea mwaka 1900, maana reli ilikuwa haijafika ziwani na wapagazi ndio waliobeba sehemu nyingi. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwaka 1901.

Katika Ziwa Tanganyika tunaye bibi kizee wa meli zote, Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli ya kati hadi Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa na mizinga, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini sikilizeni walivyofanya mafundi wale: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja itaibuliwa. Ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lile. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 ilibeba makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma kuwarudisha kwao Kongo. Vijana, grisi ile ndiyo iliyompa bibi huyu umri wote huo. Mtu anayetunza chombo hata saa ya kushindwa ni fundi kweli.

Nikirudi Ziwa Victoria, meli niliyoipenda kuliko zote ni MV Victoria. Iliundwa na Yarrow wa Glasgow, ikaletwa kwa vipande kupitia Mombasa, ikaungwa Kisumu, na mwaka 1961 ikaanza kazi. Enzi hizo ilikuwa chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki, nayo ilizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Mtu aliweza kununua tiketi moja akazuru nchi tatu. Ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza na la pili vyenye vitanda, na sisi wa daraja la tatu tulikuwa na benchi, upepo na nyota. Miaka michache baada yake zikaja Umoja na Uhuru, meli zilizobeba mabehewa ya gari moshi, ili shehena ivuke ziwa bila kushushwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Sisi tuliosoma hapa Arusha, makao makuu ya Jumuiya, tuliyaona mambo hayo kwa macho yetu: majirani waliotoka Kenya na Uganda wakifunga mizigo, na nyumba za maofisa zikibaki tupu. Meli nazo zikagawanywa kama vyombo vya nyumba iliyopata talaka. Uhuru ikabaki Kenya, Victoria na Umoja zikabaki kwetu. Mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa sahihi hapahapa Arusha Mei 1984. Kwa upande wa Tanzania meli za maziwa ziliendeshwa na Shirika la Reli, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaundwa Kampuni ya Huduma za Meli, ambayo siku hizi inaitwa TASHICO.

Kundi la meli hizo, kama tulivyolizoea, nitalieleza kwa ufupi. Ziwa Victoria: Victoria ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, Serengeti, Butiama, Clarias na Umoja. Ziwa Tanganyika: Liemba ya abiria 600 na tani 200, na Mwongozo. Ziwa Nyasa: Songea na Iringa, ambazo ni ndogo, na katika miaka ya karibuni Mbeya II. Nyingi kati ya hizo zilikaa miaka mingi bila kusafiri, zikingojea spea na fedha. Victoria ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 na injini mpya. Februari 2023 iliteremshwa Mwanza meli mpya yenye urefu wa zaidi ya mita 92, iliyoundwa ili ibebe abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Mtaona basi kwamba meli zetu si nyingi, na kwamba moja ikisimama, mkoa mzima husimama nayo.

Katika orodha hiyo mmeona kuna jina sikulitaja. Nitalitaja sasa.

MV Bukoba iliundwa mwaka 1979. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Usiku wa kuamkia Mei 21, 1996 ilikuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia Kemondo na kuongeza watu. Asubuhi, Mwanza ikiwa karibu kuonekana, ililala ubavu ikapinduka. Haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa mwili wa meli ili wawatoe, lakini hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama pamoja nao. Nchi iliomboleza siku tatu. Wengi wao wamezikwa Igoma, Mwanza, na kila tarehe 21 Mei watu huenda pale.

Wanafunzi mnaosoma fizikia mtaniuliza: chuma kikubwa namna ile hupindukaje pasipo dhoruba? Chukueni sufuria, muielee katika beseni la maji. Tieni mawe chini yake, itatulia. Sasa yapandisheni mawe yaleyale juu ya ubao uliowekwa mdomoni mwa sufuria, na mguse kidogo tu. Uzito ni uleule, lakini umepanda juu. Ndiyo sababu meli hutiwa farumi, yaani maji au uzito mwingine sehemu ya chini kabisa, ili iwe na miguu. Meli yenye mizigo na watu wengi kwenye sitaha za juu ni sawa na sufuria ile ya pili. Watu wakihamia upande mmoja kwa pamoja, labda kwa kutaka kuona bandari, mizigo nayo ikiteleza, haina nguvu ya kujirudi. Uchunguzi wa ajali ile ulionyesha mambo hayohayo: watu na mizigo kupita kiasi, na meli isiyotulia majini.

Lakini kilichonisumbua mimi karani ni kitu kingine. Watu wangapi walikufa? Wapo wanaosema 800 na zaidi, wapo wanaosema 1,000. Kwa nini hatujui? Kwa sababu abiria wa vyumba vya juu waliandikwa majina, na wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndugu zangu, daraja la tatu ndilo nililosafiria mimi miaka yote minne niliposoma hapa. Mtu alikufa, na hata hesabu yake haikuwepo. Mama yake alikwenda gatini akauliza, na hakuna karatasi iliyoweza kumjibu ndiyo au hapana.

Sasa naomba ruhusa yenu niungame. Januari mwaka 1975, nikiingia kidato cha nne, nilichelewa gatini. Nilikuwa na sanduku la bati, mkungu wa ndizi na pakiti ya kahawa ya kutafuna ya kumletea mlinzi wetu wa bweni. Dirisha la tiketi lilikuwa limefungwa, na karani akasema chombo kimejaa, nisubiri safari nyingine. Kukosa siku ya kwanza ya muhula ilikuwa ni viboko. Nikamwendea baharia mmoja wa chombo kile, ambacho sitakitaja jina, nikamwachia mkungu wa ndizi. Akanipitisha upande wa mizigo. Nikajiona mjanja sana.

Usiku wa manane upepo ukavuma. Mawimbi yakaanza kupiga, akina mama wakaanza kuomba kila mmoja kwa dini yake, na maji yakawa yanaturushia sitahani. Hapo ndipo wazo lilinijia ambalo halijanitoka mpaka leo. Nyumbani wanajua nilikwenda gatini, lakini hawajui nilipanda nini. Shuleni hawajui kama nimeondoka. Karani wa tiketi anajua kwamba alinikatalia. Nikizama usiku huu, karatasi zote za serikali zitasema kwamba mimi sikuwamo. Nilikuwa mtu mzima mwenye sanduku la bati, lakini kwa hesabu nilikuwa si kitu. Tena nilikuwa nimeongeza uzito juu ya chombo ambacho karani mwaminifu alikwisha kusema kimejaa. Aliyenilaza pale hakuwa baharia peke yake. Nilijilaza mwenyewe, kwa mkungu wa ndizi.

Tulifika salama, kama mnionavyo. Nilipomaliza shule nikaomba kazi ya ukarani gatini, na watu walishangaa kwa nini kijana mwenye daraja zuri anataka kushika kalamu na kuhesabu magunia. Sikuwaeleza.

Nirudi kwenye zile meli kubwa za starehe nilizoanza nazo. Msidhani kinachozilinda ni ukubwa wake. Titanic ilikuwa kubwa kuliko zote ilipozama mwaka 1912. Baada yake mataifa yalikutana, na mwaka 1914 yakaandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, ambao umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Chini ya mkataba huo, leo meli ya abiria inayosafiri baina ya mataifa haiondoki mpaka watu wote waliomo wamehesabiwa. Abiria wapya huonyeshwa mahali pa kukusanyika kukitokea hatari na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Sheria hiyo ya kutokawia nayo imetokana na msiba: Costa Concordia, meli ya starehe, iligonga mwamba huko Italia Januari 2012 kukiwa na abiria ambao walikuwa bado hawajafanya zoezi hilo, na watu 32 wakafa. Tajiri mwenye chumba chenye dirisha na mpishi anayemenya viazi chini kabisa, wote ni namba moja moja katika karatasi ileile. Huo ndio usawa wa meli.

Sisi nasi tumejifunza, ingawa polepole. Septemba 10, 2011 Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, na hesabu ikabishaniwa tena. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye ruhusa ya watu 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Fundi mmoja aliyejifungia katika chumba chenye hewa aliokolewa siku mbili baadaye. Tangu mwaka 2018 kuna TASAC, shirika lililokabidhiwa kusimamia usalama wa vyombo vya majini, na tiketi siku hizi huandikwa jina. Hayo ni maendeleo na tuyapokee kwa shukrani. Lakini sheria haipandi melini peke yake. Hupandishwa na karani anayekataa mkungu wa ndizi, na abiria asiyeutoa.

Kwa hiyo nina machache ya kuwaachia vijana mnaorudi makwenu kwa njia ya maji.

Usipande chombo ambacho jina lako halijaandikwa. Ukiambiwa kimejaa, kimejaa. Kuchelewa muhula kuna adhabu, lakini kila adhabu ya shule ina mwisho. Ukiwa na mdogo wako asiyelipiwa nauli, hakikisha naye ameandikwa, maana mtoto mchanga asiye na tiketi ana roho kamili. Ukipanda, tazama jaketi ziko wapi kabla hujatazama chakula kiko wapi. Bandari ikionekana, kaa ulipo. Wala usikubali kupanga mizigo mizito juu ya vichwa vya watu kwa sababu eti safari ni fupi. MV Bukoba ilikuwa karibu kufika.

Na kwenu walimu na ndugu zangu wa umri wangu, nina ombi. Chama chetu kina orodha nzuri ya wanachama, na kila tukutanapo tunasoma majina ya waliotutangulia. Tunaisoma kwa sababu tuliwaandika walipokuwa hai. Basi tufanye hivyo pia kwa hawa walio hai. Siku ya kufunga shule, kila mwanafunzi aandike jina lake, basi au meli atakayopanda, siku atakayofika, na jina la mtu atakayempokea. Siku ya kufungua, daftari lifunguliwe na kila jina lisomwe. Asiyeitika atafutwe siku hiyohiyo, asingojewe mpaka Jumatatu.

Nimekuja na kauntabuku mbili, za kurasa nene, nilizonunua jana dukani hapa chini barabarani. Ya kwanza nimeipigia mistari mwenyewe usiku, kama nilivyozoea kazini. Namwomba Kiranja Mkuu aje azipokee, na wanafunzi wanaotoka kandoni mwa maziwa waanze kuandika leo kabla hawajatoka bwaloni. Mimi nitakaa pale mlangoni na kalamu.